Kifunguamimba: Mwanamke, Lugha na Uzazi wa Kwanza katika Historia ya Buhaya



Mada ya leo yaweza kumshangaza mtu aliyezoea kusikia katika ukumbi huu mijadala ya ngeli, ya vina na mizani, au ya usanifishaji. Nakusudia kuzungumzia mwanamke anayezaa kwa mara ya kwanza, na nchi niliyoichagua ni Buhaya, ile nchi ya vilima na migomba iliyo magharibi ya Ziwa Viktoria katika mkoa wa Kagera. Ili maelezo yasielee hewani, nitamweka mwanamke huyo Ijuganyondo, moja ya kata 14 za Manispaa ya Bukoba. Msemaji wa Kiswahili husikia nyundo ndani ya jina hilo, na si ajabu, kwa kuwa uyeyushaji wa chuma katika nchi hii ni wa kale sana, wa miaka ipatayo elfu mbili. Mwanamke wa Ijuganyondo abebapo mimba ya kwanza huishi katika lugha mbili. Nyumbani, mama yake na mama mkwe wake humwelekeza kwa Kihaya. Kliniki huelekezwa kwa Kiswahili.

Hoja yangu ni moja. Maandishi juu ya uzazi wa kwanza katika nchi za Maziwa Makuu ni mengi kuliko inavyodhaniwa, lakini takriban yote yaliandikwa na mtu aliyesimama pembeni: mmisionari, bwana shauri, daktari, mtafiti, hata mwandishi wa riwaya. Kila mmoja aliona alichokuwa akikitafuta. Ndani ya lugha, hata hivyo, umehifadhiwa mtazamo mwingine, ambamo mwenye uchungu ndiye mtendaji. Nataka tuvisome vyanzo hivi viwili pamoja.

Vitenzi vitatu

Tuanze na maneno, kwa sababu ndiyo mali yetu. Kiswahili kina vitenzi vitatu vikuu vya tendo hili. Cha kwanza ni kuzaa, chenye mzizi wa kale wa Kibantu unaoonekana pia katika Kihaya, okuzaala. Kitenzi hiki hakibagui: mtu huzaa, mbuzi huzaa, hata mwembe huzaa. Cha pili ni kujifungua, nacho ni cha binadamu na cha adabu. Hatusemi kwamba mbuzi amejifungua, ila kwa mzaha. Cha tatu ni kuzalishwa, ambacho kimeenea pamoja na hospitali.

Wanafunzi wa sarufi wataona mara moja kinachovitenga viwili vya mwisho. Katika kujifungua, kiambishi -ji- kinamfanya mtendaji na mtendewa kuwa mtu mmoja: aliyefungwa ndiye anayefungua. Lugha haituambii alifungwa na nani, wala kama kilichofungwa ni mzigo, fundo au mlango. Katika kuzalishwa, mtendaji ni mwingine, yaani mkunga, muuguzi au daktari, na mama amesogezwa upande wa kutendewa. Simaanishi kwamba anayetumia kauli ya kutendwa amekwisha kumdharau mama. Asili ya neno si historia ya jamii, na mtu atakayeandika historia kwa kamusi peke yake atapotea. Ninachosema ni kwamba lugha imeweka mbele ya msemaji njia mbili za kusimulia usiku uleule, na uchaguzi wake una maana.

Liko pia neno uchungu. Katika baadhi ya lahaja za pwani, utungu wa kuzaa hutengwa na uchungu wa dawa au wa moyo. Katika matumizi ya bara maana zote hizo zimo chini ya neno moja, kiasi kwamba methali isemayo uchungu wa mwana aujuaye mzazi yaweza kusikika kama habari ya kuzaa na kama habari ya kufiwa. Kwa historia nitakayoieleza, mkanganyiko huo una haki yake.

Halafu kuna pengo. Mtoto wa kwanza ana jina maalumu, kifunguamimba, kama wa mwisho alivyo na lake, kitindamimba. Msichana aliyevunja ungo huitwa mwali. Aolewapo ni bibi arusi. Akishapata mtoto ni mama fulani, na pengine jina lake mwenyewe halisikiki tena. Lakini mwanamke aliye kati ya bibi arusi na mama fulani, aliye ndani ya uchungu wake wa kwanza, hana neno lake moja. Twalazimika kumweleza kwa fungu la maneno: mwenye mimba ya kwanza, anayejifungua mara ya kwanza. Wauguzi, ambao kazi yao haina muda wa mafungu ya maneno, wamekata istilahi ya Kilatini ya vitabuni wakabaki na "primi".

Mwanamke wa Kahura

Buhaya haikuwa kisiwa. Falme zake zilifungamana kwa lugha, kwa kilimo cha migomba na kwa masimulizi ya watawala wake na falme za kaskazini, hususan Bunyoro. Huko Bunyoro, mahali palipoitwa Kahura, mmisionari kijana wa Kiingereza mwenye mafunzo ya udaktari, Robert Felkin, alishuhudia mwaka 1879 tukio aliloliandika katika jarida la madaktari la Edinburgh mwaka 1884. Mwanamke alipasuliwa tumbo ili mtoto atolewe, na upasuaji ulifanywa na wenyeji kwa maarifa yao.

Maelezo ya Felkin ni ya kina. Mwanamke alinyweshwa pombe ya ndizi, ile iitwayo rubisi Bukoba, hata akawa nusu mlevi. Alifungwa kitandani kwa vitambaa vya magome ya mti. Mpasuaji, mwanamume, alinawa mikono kwa pombe hiyo kisha kwa maji, akaliosha na tumbo vivyo hivyo, akapaza sauti kali na umati uliokuwa nje ukamwitikia, ndipo akakata. Msaidizi aligusa palipovuja damu kwa chuma cha moto. Baada ya mtoto na kondo la nyuma kutolewa, kidonda kilifungwa kwa misumari myembamba ya chuma, kikapakwa dawa ya mizizi na kufunikwa jani la mgomba. Siku ya kumi na moja kidonda kilikuwa kimepona.

Wanahistoria wa tiba wameirudia habari hii mara nyingi, na wana sababu. Inaonyesha maarifa ya usafi, ya kupunguza maumivu na ya kuzuia damu katika wakati ambapo upasuaji wa namna hiyo uliwaua wanawake wengi wa Ulaya. Lakini kuna sentensi mbili ambazo wengi huzipita haraka. Ya kwanza inasema kwamba mwanamke huyo alikuwa na umri wa miaka ipatayo ishirini na hiyo ilikuwa mimba yake ya kwanza. Ya pili inasema kwamba mpaka ile misumari ilipoanza kupenyezwa alikuwa hajatoa kilio. Felkin alichora mchoro wa kisu; jina la mwanamke hakuliandika. Sauti tunayoisikia katika habari yote ni ya mpasuaji na ya umati. Kutoka kwa mzazi mwenyewe tumerithi kimya, na kimya hicho kimesomwa kama thibitisho la ubora wa pombe. Mimi naona kinaweza kusomwa pia kama kazi aliyoifanya mwanamke. Katika jamii nyingi za eneo hili, kutolia wakati wa uchungu ni kipimo cha heshima yake na ya mama aliyemlea, na anayezaa mara ya kwanza ndiye anayepimwa zaidi, kwa kuwa bado hajathibitishwa.

Bugonoka na seminari ya Rubya

Shahidi wa pili ni mtu wa fasihi. Aniceti Kitereza alikuwa Mkerewe, lakini sehemu muhimu ya elimu yake aliipata katika seminari ya Rubya, Ihangiro, ambayo leo imo katika wilaya ya Muleba. Ukoo wa watawala wa Ukerewe, Wasilanga, husimuliwa kuwa ulitoka huko huko Ihangiro. Riwaya yake aliimaliza kuiandika kwa Kikerewe mwaka 1945, akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, nayo ikachapishwa na Tanzania Publishing House mwaka 1980 kwa jina la Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka na Ntulanalwo na Bulihwali. Mwandishi alifariki mwaka 1981.

Wahakiki wameieleza kama hazina ya mila, na ndivyo ilivyo. Lakini kinachoisukuma hadithi nzima ni mwanamke asiye na mtoto. Ndugu wa mume wanamsimanga, wazazi wake wanakuja kumchukua, na mume analazimika kwenda ukweni kumwomba na kulipa faini ya pombe. Mganga anatafutwa, dawa zinanywewa, na hatimaye mtoto anapatikana. Jina la mtoto huyo, Ntulanalwo, lina maana ya kuishi na kifo daima. Binti anayefuata anaitwa Bulihwali, yaani majonzi yataisha lini. Wazazi wanaowapa watoto majina kama hayo wanakijua kifo kwa ukaribu, na furaha ya kumpata mtoto wanaishika kwa mkono mmoja tu.

Kitereza aliandika kwa huruma ambayo huikuti katika ripoti yoyote ya wakati wake. Hata hivyo ni mwanamume aliyekuwa akisimulia mambo ambayo kwa desturi wanaume walitengwa nayo. Ukunga ulikuwa shughuli ya wanawake, na mume alingoja habari. Nadhani ndiyo sababu riwaya ina utajiri mwingi juu ya safari za Myombekere kwenda ukweni kuliko juu ya mwili wa Bugonoka. Alieleza kilichoonekana kutoka uani.

Mrithi wa kibanja

Kwa nini uzazi wa kwanza ulikuwa na uzito huo? Huko Buhaya jibu limo katika kibanja, yaani shamba la migomba na kahawa lenye makaburi ya wazee ndani yake. Mila za Wahaya, kama zilivyokusanywa na Hans Cory na Hartnoll na kuchapishwa mwaka 1945, zilimweka katika kilele cha urithi mwana mmoja wa kiume, musika. Tamko la Sheria za Mila la mwaka 1963 lilieneza mpangilio wa namna hiyo kwa makabila mengi ya Tanganyika, likiwaweka mabinti katika daraja la tatu la urithi. Basi mwanamke aliyeingia katika kibanja cha watu kama bibi arusi alibaki mgeni mpaka alipozaa, na kifunguamimba wa kiume alimpa mama yake mizizi ambayo ndoa peke yake haikuweza kumpa. Aliyezaa binti aliambiwa kwa upole kwamba atarudi tena.

Aliyekosa kabisa hakuwa na pa kusimama. Na huko Buhaya walikuwa wengi. Tangu miaka ya 1920 watawala wa kikoloni na wamisionari walikuwa na wasiwasi juu ya uzazi kupungua, wakilaumu magonjwa ya zinaa na, kwa wepesi mno kwa maoni yangu, tabia za wanawake. Mwaka 1952 Audrey Richards na Priscilla Reining walifanya uchunguzi wa uzazi Buganda na Buhaya, na matokeo yalichapishwa mwaka 1954. Humo wanawake wanahesabiwa: wangapi wamezaa, wangapi hawakuzaa, watoto wangapi wamekufa. Ni kazi ya uangalifu, na bila hiyo tusingejua ukubwa wa jambo. Lakini hofu ya binti wa miaka kumi na minane anayengoja kuona kama mwezi huu atashika mimba haikuwa na safu katika jedwali. Baadhi ya wanawake walioachwa walielekea Kampala na Nairobi, na wako waliorudi na fedha wakajinunulia vibanja vyao wenyewe.

Kiswahili cha leba

Wamisionari Wakatoliki walifika Kashozi mwaka 1892, na wa Bethel, waliokuwa Walutheri, mwaka 1910. Kutokana na kazi zao zilikua hospitali za Rubya, Kagondo na Ndolage, zote katika Muleba ya leo, wakati serikali ilikuwa na hospitali yake Bukoba mjini. Kwa muda mrefu waliozalia huko walikuwa wachache. Mabadiliko makubwa yalikuja baada ya Azimio la Arusha, hasa ulipoanzishwa mpango wa kitaifa wa huduma ya mama na mtoto mwaka 1974. Ndipo kadi ya kliniki ilipokuwa sehemu ya mimba.

Pamoja na kadi kilikuja Kiswahili. Muuguzi aliyepangiwa Bukoba aliweza kuwa Mnyakyusa au Mzaramo, na lugha iliyowaunganisha yeye na binti wa Kihaya ilikuwa ile ya taifa. Tuisikilize lugha hiyo leba: sukuma, usisukume, bado, njia imefunguka sentimita nne. Mzizi ni uleule wa kujifungua na wa kifunguamimba, lakini sasa kinachofunguka ni njia, tena kwa vipimo, na mwenye njia hatajwi. Sikusudii kuilaumu sentensi hiyo. Sentimita hizo huokoa maisha, kwa kuwa uchungu wa mimba ya kwanza kwa kawaida ni mrefu kuliko unaofuata, na asiyepima hawezi kujua lini urefu umegeuka kuwa hatari. Kuchelewa huko ndiko kunakoleta fistula, na ndiko kunakomfanya mama wa kisiwa cha Bumbire, ambaye lazima avuke ziwa kwa chombo, awe katika hatari ambayo wa Ijuganyondo hana. Naeleza tu kwamba mwanamke alihama lugha katika saa ambayo mtu huhitaji zaidi lugha aliyonyonya nayo, huku mama yake, aliyekuwa na maneno hayo, akingoja nje ya mlango.

Zipo pia istilahi ambazo sisi wenyewe, watu wa lugha, tungepaswa kuzitazama. Shinikizo la damu linapopanda katika mimba hata mama akapata degedege, Kiswahili huita kifafa cha mimba. Hali hiyo huwapata zaidi wenye mimba ya kwanza. Kwa mkunga jina hilo ni wazi na linatosha. Kwa familia, neno kifafa huja na mzigo wake wote wa aibu, wa urithi na wa mapepo, na saa ambazo mama angepelekwa kupata sindano ya magnesi hupotea katika kutafuta aliyemroga. Kila aundaye istilahi angefaa aulizwe jinsi itakavyosikika usiku wa manane, nyumbani, kabla ya gari kupatikana.

Damu ya kipimo

Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani Kagera. Watu wa Bukoba, kabla ya kupata neno la kitaalamu, waliuita ugonjwa wa Juliana, kwa jina la nguo zilizoingizwa kutoka Uganda. Uchunguzi wa mwaka 1987 ulikuta asilimia 24 ya watu wazima wa Bukoba mjini wameambukizwa. Tangu hapo watafiti walimhitaji mtu wa kuwaonyesha mwenendo wa maambukizi katika jamii, wakamwona aliyekuwa akifika kliniki kwa hiari: mama mjamzito. Miongoni mwa wajawazito wa Bukoba mjini kiwango kilikuwa asilimia 22.4 mwaka 1990, na kilishuka hadi asilimia 13.7 mwaka 1996. Vijana kati yao walitazamwa kwa makini zaidi, kwa sababu ambukizo la kijana huwa ni la karibuni.

Kushuka huko ni moja ya habari njema za historia ya mkoa huu, na tunaijua kwa damu ya wanawake hao. Lakini fikirini ilimaanisha nini kwa mwenye mimba ya kwanza. Wengi wao hawakuwa na sababu nyingine ya kuingia hospitali. Mimba ambayo ingempa jina la mama fulani ilimleta kwanza mbele ya sindano. Ulipofanywa mwaka 2000 hadi 2002 mradi wa majaribio wa kuzuia maambukizi kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto, hospitali ya mkoa wa Kagera ilikuwa miongoni mwa vituo vyake vitano, na majibu yakaanza kumrudia mwenye damu. Alikwenda nayo nyumbani, kwa mume na kwa mama mkwe, ambao aghalabu walikuwa hawajapima. Katika Kiswahili cha wakati huo kupima bila kutaja ugonjwa kulitosha. Kila mtu alielewa ni kipimo gani.

Mahali pa kusemea

Takwimu za kitaifa zimebadilika sana. Katika uchunguzi wa mwaka 2004/05, asilimia 47 ya uzazi ilifanyika katika vituo vya afya. Mwaka 2022 ilikuwa asilimia 81. Vifo vya uzazi, vilivyokadiriwa kuwa 578 kwa kila vizazi hai 100,000 katika uchunguzi ule wa awali na 556 katika ule wa 2015/16, vilikadiriwa kuwa 104 mwaka 2022. Sioni haja ya kutafuta kasoro katika habari kama hiyo.

Ila kuna uchunguzi mmoja wa Korogwe na Muheza, mkoani Tanga, ambao kila mwanafunzi wa masimulizi angefaa aujue. Mwaka 2011 na 2012 wanawake 1,779 waliulizwa, walipokuwa wakitoka kituoni, kama walitukanwa, kupigwa, kuachwa peke yao au kudhalilishwa kwa namna nyingine wakati wa kujifungua. Takriban asilimia 19 walisema ndiyo. Baadhi yao walipoulizwa tena nyumbani, wiki tano hadi kumi baadaye, waliosema ndiyo walifika asilimia 28. Kituo na usiku ule havikuwa vimebadilika. Kilichobadilika ni mahali aliposimama msemaji na muda aliokuwa ameupata wa kuzitafuta kauli zake. Mlangoni mwa hospitali, akiwa na mtoto hai mkononi, mama husema asante, na asante hiyo ni ya kweli. Nyumbani hupata sentensi nyingine, nayo ni ya kweli pia.

Hapa ndipo idara za lugha zina kazi ambayo daktari hawezi kutufanyia. Masimulizi ya uzazi wa kwanza katika Kihaya na katika Kiswahili cha Bukoba yakusanywe kwa ukamilifu, kwa sauti, katika lugha anayoichagua msimulizi, na yaandikwe bila kusafishwa. Tusikilize ni wapi anasema nilizaa, wapi nilijifungua, wapi nilizalishwa, na ni wapi anaiacha lugha moja akaingia nyingine katikati ya sentensi. Anayesikiliza awe mwanamke, ikiwezekana awe amezaa, na asiwe amevaa koti jeupe. Kazi ianzie kwa wakongwe. Binti aliyezaliwa Ijuganyondo mwaka 1935 na kupata kifunguamimba wake kibanjani mwaka 1954, kabla ya kadi, kabla ya leba na kabla ya Juliana, sasa ana umri wa miaka ipatayo tisini.